Chuma Hakirudi

Agosti mwaka jana nilikaa siku tatu chini ya mwembe wa nyumbani kwetu Didia, tupa mkononi, nikaiharibu Vespa ya babu yangu.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili katika historia. Nilikuwa nimerudi likizo kutafuta mada ya tasnifu, na Vespa ile ya cc 150 ilikuwa imeegemezwa stoo tangu babu aanze kutembea na fimbo. Nilitaka aisikie ikinguruma tena. Nikiri pia kwamba nilitaka ikimbie kuliko alivyowahi kuikimbiza yeye.

Injini yake ni ya mapigo mawili, ile ya petroli iliyochanganywa na oili. Haina valvu. Silinda ina matundu ubavuni, na pistoni ndiyo inayoyafungua na kuyafunga inaposhuka na kupanda. Ukilipandisha juu kidogo tundu la moshi, moshi hutoka mapema zaidi, na injini hupata nguvu ikizunguka kwa kasi lakini hulegea kwenye mwendo mdogo. Kwa hiyo mtu mwenye tupa na subira anaweza kubadili tabia ya injini nzima akiwa uani kwake.

Hayo nilikuwa nimeyasoma katika habari za Walter Kaaden. Miaka ya 1950, katika kiwanda cha MZ mjini Zschopau, Ujerumani Mashariki, mhandisi huyu aliendeleza bomba la moshi lenye tumbo. Mawimbi ya moshi yanayotoka hugonga mwisho wa tumbo hilo, yakarudi, yakaisukuma ndani petroli iliyotaka kutoroka. Fedha zilikuwa chache, lakini kufikia 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu farasi 25, kiwango kikubwa mno kwa ukubwa ule. Septemba mwaka huohuo, mwezi mmoja tu baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, dereva wake Ernst Degner alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden na kuupeleka ujuzi huo Suzuki. Mwaka 1962 Degner akawa bingwa wa dunia wa cc 50 akiendesha Suzuki.

Historia ya injini hizi imejaa safari za namna hiyo. Pikipiki ya Kijerumani DKW RT 125 ilinakiliwa baada ya vita, Waingereza wakapata BSA Bantam mwaka 1948, na Yamaha wakatoa pikipiki yao ya kwanza mwaka 1955. Vespa yenyewe, iliyozaliwa Italia mwaka 1946, iliundwa India na Bajaj kwa leseni ya Piaggio. Jina la kampuni hiyo ndilo tunalolitaja leo kila tunapoita bajaji.

Basi na mimi nikajiona nipo kwenye mstari huo. Nililipandisha tundu la moshi milimita mbili, nikalipanua pembeni, nikaunga. Injini iliwaka. Nilifika barabara ya Tinde nikicheka peke yangu. Kurudi, kwenye mchanga, ilikosa nguvu kabisa. Nikaongeza moto. Ikalia kama sufuria iliyoangushwa, ikanyamaza.

Nilipofungua nilikuta ringi imevunjika na silinda imechanika mistari mirefu. Nilikuwa nimelipanua tundu kupita kiasi na sikuzilainisha kingo zake, kwa hiyo ringi ilikuwa ikichungulia nje kila inapopita, mpaka siku hiyo iliponasa.

Babu aliomba apewe silinda. Macho yake hayaoni vizuri, hivyo aliingiza kidole na kulizunguka tundu taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa.

“Mjukuu wangu, ulitaka iende wapi?”

Sikuwa na jibu.

“Chuma ukishakitoa hakirudi,” akasema. “Mimi nilikuwa nagusa vinavyorudi.”

Ndipo akaniambia nifungue kabureta na kuitoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli. Vespa ile aliinunua Dar es Salaam, akaipakia treni hadi Shinyanga. Huku tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Injini iliyopangwa kwa hewa ya pwani ikawa inapewa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma. Ilitoa moshi mzito, plagi ikaloa. Ilikuwa miaka ya 1980, vipuri havipatikani, na yeye alikuwa karani wa pamba mwenye vituo vya kuzungukia. Alilijaza tundu la jeti kwa risasi ya kulehemu, akalitoboa upya kwa ncha ya waya mwembamba. Lilipokuwa dogo mno alilitanua. Lilipokuwa kubwa mno aliyeyusha risasi na kuanza tena. Aliirudia kazi hiyo, akisoma rangi ya plagi kila jioni, hadi ikawa kahawia kama mchanga.

Niliiinua jeti juani. Katikati ya shaba palikuwa na duara la kijivu, na katikati ya duara tundu ambalo nywele ingepita kwa shida. Nilikuwa nimeishika kabureta hiyo siku tatu nzima bila kuiangalia. Habari za Zschopau nilizijua kwa tarehe, na hili la nyumbani kwetu nilikuwa nimelipuliza vumbi tu. Kaaden alitafuta kasi, na kasi huacha matokeo yanayoandikwa kwenye magazeti. Babu alitafuta injini ya kupita mchangani na gunia la mpunga nyuma. Kazi ya namna hiyo ikifanikiwa hakuna kinachotokea, mtu anafika tu.

Silinda nyingine, iliyotumika, niliipata Zanzibar, ambako Vespa bado zimejaa vichochoroni. Ilinigharimu posho ya miezi miwili. Niliifunga kama ilivyokuja, bila kuigusa kwa tupa, na jeti ya babu nikairudisha mahali pake. Ilipowaka, babu alikaa kwenye kigoda akasikiliza, kisha akaniambia nipunguze mafuta kidogo. Nilipunguza. Akatikisa kichwa kukubali.

Ile niliyoiharibu iko mezani kwangu chuoni. Kando yake kuna daftari lenye kurasa ishirini na tatu za maneno ya babu, na bado hatujamaliza habari za kabureta.