Masuala mtambuka katika programu za tarakilishi

Mteja anapotoa pesa benki, programu ya tarakilishi haishughulikii utoaji huo pekee. Ni sharti ihakikishe kuwa mwombaji ana idhini, iweke kumbukumbu ya tukio, na ifutilie mbali hatua zote iwapo mojawapo itakwama. Kazi hizo tatu hurudi tena wakati wa kuweka pesa, kuzihamisha na hata kubadilisha anwani ya mteja.

Shughuli za aina hii huitwa masuala mtambuka, kwani hupenya sehemu zote za programu. Mwaka 1974, Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa Uholanzi, alisisitiza kuwa kila suala lifikiriwe kivyake. Hata hivyo, kugawa programu katika moduli hakukutosha: maagizo yale yale ya ukaguzi hunakiliwa huku na huko, yakachanganyika na hesabu za pesa. Mwandishi wa programu akisahau mahali pamoja tu, amemwachia mwizi mlango wazi.

Mwaka 1997, Gregor Kiczales na wenzake katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC, California, walipendekeza suala kama hilo liandikwe mahali pamoja, katika kitengo kiitwacho aspekti. Aspekti hubeba maagizo yenyewe pamoja na maelezo ya yatakapoingizwa, tuseme kabla ya kila kitendo kinachogusa akaunti. Chombo maalumu huyafuma ndani ya programu, mathalani inapotafsiriwa kwa lugha ya mashine. Toleo la 1.0 la AspectJ, lugha waliyoijenga juu ya Java, lilitolewa mwaka 2001.

Kanuni ya ukaguzi ikibadilika, aspekti moja ndiyo hurekebishwa. Lakini anayesoma sehemu ya kutoa pesa haoni ukaguzi wowote, maana umeandikwa kwingine. La kutisha zaidi ni kuwa mahali pa kuingilia mara nyingi hutambuliwa kwa jina. Kitendo "toaPesa" kikibadilishwa kuwa "lipaMteja", aspekti yaweza kukiruka kimya kimya, na benki ikaendelea kulipa bila ulinzi.

Wazo hilo limeshika mizizi zaidi kupitia Spring, mfumo wa Java ambao toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004. Humo, alama moja juu ya kitendo hutosha kusimamia muamala mzima. Nako kuna mtego: kwa mpangilio wa kawaida, kitendo kikiitwa na kingine cha kitengo hicho hicho, alama hiyo haizingatiwi.