Kazi ya alfajiri na sahani ya kurudi

Sisi walimu wa umri wetu tunaikumbuka vizuri firimbi ya saa kumi na mbili ya asubuhi. Wanafunzi walikimbia kuzunguka uwanja, wakaruka, wakapiga pompe, ndipo waingie darasani. Siku moja kijana mmoja, aliyeanza mwaka wa masomo akiwa na kifua kipana, alianguka pale pale uwanjani. Tulipomwinua alisema: "Mwalimu, tangu jana mangaribi sikukula kitu." Nasi tukamjibu ajikaze. Jibu lile linatuletea haya mpaka leo, juu ya hiyo tumetafuta kujua wazee wetu walifanya namna gani.

Maana hapa Kisangani kutoka jasho mapema hakukuletwa na shule. Stanley aliposhuka maporomoko ya Boyoma, Januari 1877, aliwakuta Wagenia wakivua katikati ya maji makali. Kazi yao tunaiona hata leo: miti mikubwa imesimikwa kati ya mawe, kamba zimefungwa, na vikapu virefu vyenye mdomo mpana vinashushwa ndani ya mkondo. Kuvitazama ni asubuhi na jioni. Mtu anapiga kasia, anapanda miti, anavuta kikapu kizito kwa mikono na mgongo. Hakuna pompe inayofikia hapo!

Lakini mvuvi anarudi na samaki. Jambo hili dogo ndilo shule ilisahau: ilichukua jasho, ikaacha sahani.

Na sahani ya kwetu ilikuwa ya kutosha. Lituma ya ndizi kwa samaki, sombe yenye karanga, na mbinzo wakati wa msimu wake. Muhogo ulitoka Amerika, ukaletwa na Wareno kupitia pwani ya magharibi. Mchele uliingia kwetu na Waarabu na Wangwana katika karne ya 19. Vyakula hivyo viwili vinatia nguvu ya kukimbia, ila havitoshi kujenga nyama ya mwili. Gramu 100 za muhogo mbichi zina protini karibu gramu 1 tu. Samaki mbichi wa uzito ule ule ana karibu 20, karanga 25, na mbinzo iliyokauka inapita 50.

Tueleze vizuri, sababu wengine wanaogopesha watu bure. Kukimbia asubuhi moja bila kula hakumalizi misuli. Usiku mwili unatumia akiba ya sukari iliyo katika ini. Akiba ikipunguka, unachoma mafuta zaidi, na sehemu fulani ya protini za misuli nayo inageuzwa kuwa sukari. Ukila vizuri baadaye, inarudishwa. Ubaya ni pale jasho linapokuja kila siku na sahani haiji. Mtu wa kazi nzito anahitaji kwa siku karibu gramu 1.2 mpaka 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Chai ya sukari na mikate miwili haifiki huko hata karibu.

Hapo historia ya muji inaingia. Baada ya uporaji wa 1991 na 1993, kisha vita, jamaa nyingi zilishuka mpaka chakula kimoja kwa siku, kile watu wa Kinshasa walikiita "gong unique". Miaka ile ile vijana wetu walikamata baiskeli, wakawa watu wa toleka, wakibeba abiria tangu giza halijaisha. Tuliwaona wakikonda miguu, wao ambao walipaswa kunenepa mapaja! Siku hizi pikipiki zimewapokonya abiria wengi, lakini njaa ya asubuhi haikuondoka. Hata samaki wa maporomoko mara nyingi anauzwa, na mtoto wa mvuvi anakula samaki ya frigo, kama pesa ipo.

Upande wetu, firimbi tuliisogeza. Jinastiki inafanywa saa moja kabla ya mapumziko, na wakati wa mapumziko mama mmoja jirani anauza uji wa mahindi uliosagwa pamoja na karanga. Asiye na pesa anakuja na chakula cha jana kilicholala, hata kipande cha lituma na kichwa cha samaki ndani ya jani. Mwanzoni wenzake walimcheka. Sasa wanamwomba amege.