Neno "and/or": Asili Yake na Matumizi Yake Sahihi katika Kiingereza cha Sheria

Ni machache katika maneno ya Kiingereza cha sheria yaliyotumiwa ovyo kama "and/or". Waandishi wa mikataba, wasia na hati za mashtaka hulichomeka kila mahali, wakidhani kwamba linaongeza uangalifu. Historia yake yaonyesha kinyume cha hayo.

Chimbuko lake ni biashara ya baharini ya karne ya 19. Mwaka 1855, katika kesi ya Cuthbert na Cumming, mahakama ya Uingereza iliuchungua mkataba wa kukodi merikebu uliotaja shehena kamili ya sukari, molasi "and/or" mazao mengine halali. Katika mkataba wa namna hiyo neno hilo lilikuwa na kazi. Aliyekodi merikebu hakuweza kujua mapema ni bidhaa zipi zitakazopatikana bandarini. Kwa hiyo alijiwekea hiari ya kupakia hii, au ile, au zote pamoja. Hiyo ndiyo maana yake sahihi: njia tatu, na kila moja iwe inakubalika.

Taabu ilianza neno lilipotoka bandarini likaingia mahali ambapo hiari haitakiwi. Tuseme mtu ameandika katika wosia kwamba shamba ni la Ali "and/or" Hamisi. Je, ni la mmoja wao au la wote wawili, na ni nani atakayeamua? Mshtakiwa naye akiambiwa kwamba aliiba "and/or" aliharibu mali, ajibu shtaka lipi? Haishangazi kwamba mwaka 1935 Mahakama ya Juu ya jimbo la Wisconsin, Marekani, ilililaani neno hili, na mwaka 1944 Viscount Simon, katika Baraza la Malodi la Uingereza, akaliita kiunganishi mwanaharamu.

Dawa yake si ngeni. Sheria za Kenya zilizoandikwa kwa Kiingereza, zinapotaja adhabu, aghalabu hutaja faini, kisha kifungo, kisha huongeza "or to both". Kwa maneno matatu tu shaka imeondoka.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na mwaka 2021 Tanzania ilipitisha sheria ya kukifanya lugha ya sheria na mahakama. Kazi ya kutafsiri ni kubwa, na tayari "na/au" imekwisha kujipenyeza katika fomu na mikataba yetu. Lakini mkwaju hauna sauti: karani asomapo shtaka mbele ya mtu asiyejua kusoma, atautamkaje? Wala lugha yetu haina upungufu. Tunayo "na" ya kujumlisha, tunayo "ama... ama" ya kutenga, na penye njia tatu twaweza kusema "faini au kifungo au adhabu zote mbili". Mwandishi na ajiulize kwanza akusudia lipi kati ya hayo. Akishalijua, hatauhitaji mkwaju.