Kukuza chipukizi katika Football Manager na funzo lake kwa soka ya Mlima Kenya

KIJANA wa miaka 16 anaingia katika klabu akiwa na mguu wa kushoto mwepesi na mwili ambao haujakomaa. Kocha ana njia tatu: kumweka katika kikosi cha vijana, kumpa nafasi katika kikosi cha kwanza, au kumtuma kwa mkopo katika klabu ndogo.

Katika mchezo wa kompyuta wa Football Manager, uamuzi huo hufanywa kwa kubofya kitufe. Ni uamuzi ule ule unaowakabili makocha wa vijana katika miji ya Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru. Tofauti ni kwamba kwenye kompyuta kosa hufutwa kwa kuanza msimu upya. Uwanjani, miaka iliyopotea hairudi.

Makala haya yanaeleza jinsi mchezo huo unavyowakuza wanasoka chipukizi, na yale ambayo kanuni zake zinafichua kuhusu soka ya vijana katika eneo la Mlima Kenya.

Asili ya mchezo

Football Manager ni mchezo wa kuigiza kazi ya meneja wa klabu ya kandanda. Mtumiaji hapigi mpira. Kazi yake ni kununua na kuuza wanasoka, kupanga kikosi, kuandaa mazoezi na kusimamia bajeti.

Chimbuko lake ni Championship Manager, mchezo uliobuniwa na ndugu wawili Waingereza, Paul na Oliver Collyer, na kuzinduliwa mwaka 1992. Baada ya kampuni yao ya Sports Interactive kutengana na mchapishaji wake wa awali, mchezo ulichukua jina la Football Manager mwaka 2004 chini ya kampuni ya Sega. Toleo la 2025 lilifutwa kabla ya kutoka, na lile la 2026, lililotolewa Novemba 2025, ndilo la kwanza kujumuisha soka ya wanawake.

Nguvu ya mchezo huu ni hifadhidata yake, ambayo hukusanywa na watafiti katika nchi nyingi. Mwaka 2008 klabu ya Everton ya Uingereza ilifikia makubaliano ya kuitumia hifadhidata hiyo katika kusaka wanasoka.

Namba za wazi na za siri

Kila mwanasoka katika mchezo hupewa alama kuanzia 1 hadi 20 katika sifa kama vile kasi, pasi, umaliziaji na ari ya ushindi. Hizo meneja huziona.

Zipo namba nyingine mbili asizoziona. Ya kwanza ni uwezo wa sasa, na ya pili ni kilele cha uwezo ambacho mwanasoka anaweza kukifikia. Zote hupimwa hadi 200. Kwa chipukizi wengi walio katika hifadhidata, kilele hicho hakiwekwi kuwa namba moja kamili bali huchaguliwa ndani ya kiwango fulani kila mchezo unapoanzishwa. Ndiyo maana kijana yule yule anaweza kuwa nyota katika mchezo wa mtu mmoja na kuwa mchezaji wa kawaida katika mchezo wa jirani yake.

Funzo la kwanza limo hapo. Kilele ni mpaka tu, wala si ahadi. Chipukizi mwenye kilele cha 170 asiyepata mazoezi na mechi anaweza kustaafu akiwa hajafika hata 110.

Mara moja kwa mwaka, kila klabu hupokea kundi la vijana wa miaka 15 na 16. Ubora wa kundi hilo hutegemea mambo kadhaa: vifaa vya akademia, makocha wa watoto, upana wa mtandao wa kusaka vipaji, na kiwango ambacho nchi yenyewe imepewa katika kuzalisha wanasoka. Klabu inayowekeza leo huvuna baada ya misimu mingi. Meneja asiye na subira hufutwa kazi kabla ya mavuno.

Hatua tatu za ukuaji

Mameneja wazoefu wa mchezo huu hugawa ukuaji wa chipukizi katika hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kabla ya miaka 18. Hapa kinachohesabika zaidi ni mazoezi bora. Kijana hukaa akademia, chini ya makocha wenye ujuzi, huku akifunzwa nafasi moja au mbili uwanjani. Kumharakisha mno kunaweza kumletea majeraha, na jeraha la muda mrefu katika umri huo hudumaza maendeleo yake.

Hatua ya pili ni kati ya miaka 18 na 21. Mazoezi peke yake hayatoshi tena. Kijana anahitaji mechi za ushindani, tena za kiwango kinacholingana na uwezo wake. Ikiwa hana nafasi katika kikosi cha kwanza, hutumwa kwa mkopo katika klabu itakayompanga kila wiki. Kumweka benchi msimu mzima katika klabu kubwa ni kosa ambalo mameneja wageni hulifanya mara nyingi.

Hatua ya tatu huanza baada ya hapo. Ukuaji hupungua kasi, na kinachobaki ni kumpa mwanasoka majukumu na kulinda afya yake.

Tabia nayo ina uzito mkubwa. Bidii ya kitaaluma na tamaa ya mafanikio ni miongoni mwa sifa zilizofichwa, lakini ndizo zinazoamua iwapo kijana atakikaribia kilele chake. Kwa sababu hiyo, tangu toleo la 2019, meneja anaweza kuunda vikundi vya ulezi ambamo chipukizi huwekwa pamoja na wakongwe wenye nidhamu ili waige mwenendo wao. Akiwekwa na mkongwe mtovu wa nidhamu, huiga utovu huo pia.

Aliyetamba kwenye kompyuta tu

Hata hivyo, mchezo unaweza kukosea. Mfano maarufu ni Tonton Zola Moukoko, kiungo aliyezaliwa Kinshasa, Kongo, mwaka 1983, akalelewa Uswidi na kujiunga na akademia ya Derby County ya Uingereza. Katika Championship Manager ya msimu wa 2001/02, Moukoko alikuwa miongoni mwa chipukizi waliosakwa zaidi na mameneja kote duniani. Katika maisha halisi hakuwahi kuichezea Derby mechi hata moja ya kikosi cha kwanza.

Kwa upande mwingine, wapo waliopanda ngazi hatua kwa hatua kama mchezo unavyoshauri. Victor Wanyama, aliyeanzia soka yake Nairobi, alipitia Helsingborg ya Uswidi na Germinal Beerschot ya Ubelgiji kabla ya kujiunga na Celtic ya Scotland mwaka 2011. Novemba 2012 aliifungia Celtic bao walipoilaza Barcelona 2-1 katika Ligi ya Klabu Bingwa Ulaya. Mwaka uliofuata alihamia Southampton ya Uingereza. Kila kituo kilikuwa kikubwa kidogo kuliko kilichotangulia, na Beerschot ilimpa mechi za watu wazima kabla hajatimiza miaka 20.

Pengo la Mlima Kenya

Kanuni hizo zikilinganishwa na hali ya eneo la Mlima Kenya, mahali palipo na kasoro hujitokeza waziwazi.

Vipaji vipo, na hatua ya kwanza ina msingi wake. Shule za upili hushindana kuanzia kaunti ndogo hadi kanda, ambapo Nyeri, Kirinyaga na Murang'a huwa Kanda ya Kati, nazo Embu, Tharaka Nithi na Meru huwa Mashariki. Mabingwa huendelea hadi mashindano ya kitaifa na ya Afrika Mashariki. Mapungufu ni kwamba msimu wa shule ni mfupi, na timu inayoondolewa mapema huenda isicheze tena mechi ya maana hadi mwaka unaofuata.

Tatizo kubwa ni hatua ya pili. Kijana humaliza kidato cha nne akiwa na takriban miaka 18, yaani wakati ule ule ambao mchezo unasisitiza kwamba anahitaji mechi kila wiki. Akirudi nyumbani Othaya, Mukurwe-ini au Chuka, timu ya shule haipo tena, na klabu ya ligi kuu iko mbali. Thika United, iliyokuwa tegemeo la wengi wa ukanda huo, ilishushwa daraja mwaka 2018. Murang'a Seal ilipanda ligi kuu mwaka 2023, na kuwa ngazi ya karibu kwa vijana wa eneo hilo. Lakini klabu moja haiwezi kubeba vijana wa kaunti tano au sita.

Riadha, ambayo ndiyo imeipa Nyeri sifa, haikuachwa na pengo kama hilo. Catherine Ndereba, mzaliwa wa kaunti hiyo aliyekuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007, alikuwa mtumishi wa Idara ya Magereza. Magereza, polisi na jeshi zimewapa wanariadha wengi mshahara, makocha na wenzao wa kukimbia nao baada ya shule. Mwanasoka wa kijijini hana hakika ya kupata daraja kama hilo.

Viwanja navyo vimepewa kipaumbele kwa namna ya kipekee. Kinoru mjini Meru ulikuwa mwenyeji wa Madaraka Dei mwaka 2018, Wang'uru kaunti ya Kirinyaga ulipokea Mashujaa Dei mwaka 2021, na uwanja wa Moi mjini Embu ukaandaa Madaraka Dei mwaka 2023. Ukarabati wa Ruring'u, mjini Nyeri, ulikwama kwa miaka mingi. Ila hata uwanja mzuri haumkuzi kijana ikiwa hauna ratiba ya ligi ya vijana wa kati ya miaka 18 na 21.

Sheria ambazo wazazi wanapaswa kuzijua

Football Manager hufuata kanuni za FIFA, na hapa mchezo unaweza kumwokoa mzazi asitapeliwe. Kwa kawaida mwanasoka hawezi kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18. Zipo tofauti chache, kama vile familia kuhama kwa sababu zisizohusu soka. Kwa hivyo mtu anayemwahidi mzazi kwamba mtoto wake wa miaka 15 atasajiliwa na klabu ya Ulaya, mradi tu alipe ada, anaahidi jambo ambalo kanuni zinakataza. Mzazi anayeuza ng'ombe au kukopa chamani kwa ahadi hiyo atabaki na deni.

Kanuni hizo pia zinailinda klabu ndogo. Mwanasoka anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomfunza kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 hupata asilimia 5 ya fungu hilo, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 hupata asilimia 10.

Kwa mfano, mwanasoka akiuzwa kwa Sh200 milioni, fungu hilo huwa Sh10 milioni. Klabu ya Nyeri iliyomlea kuanzia miaka 12 hadi 15 hustahili Sh2 milioni. Iliyomlea kuanzia 16 hadi 18 hustahili Sh3 milioni. Fedha hizo zinaweza kununua mipira, kulipa makocha na kukodi basi la mechi za ugenini kwa misimu kadhaa.

Sharti ni moja: kijana awe alisajiliwa rasmi, na klabu iwe mwanachama wa shirikisho kupitia matawi yake. Timu isiyo na usajili haina cha kudai, hata kama kijiji kizima kinakumbuka alivyocheza. Tangu Novemba 2022, FIFA imekuwa na kituo maalumu cha kugawa malipo hayo, nacho hutegemea rekodi za usajili.

Umri wa kweli ni sehemu ya rekodi hiyo. Kwenye kompyuta tarehe ya kuzaliwa haina shaka. Katika soka halisi, FIFA ilianza kutumia picha za mifupa ya kifundo cha mkono kukagua umri katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009. Kijana aliyepunguziwa miaka ili ashinde kombe la kanda anaweza kupoteza taaluma yote.

Kinachowezekana

Matumaini yapo. Oktoba 2024, Junior Starlets, timu ya wasichana wa chini ya miaka 17, ilikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la FIFA, na ikailaza Mexico 2-1. Mwaka 2025 timu ya wavulana wa chini ya miaka 20 ilishiriki Kombe la Afrika la umri huo kwa mara ya kwanza. Na tangu Januari 2026, wanafunzi wa shule za upili za juu wanaweza kuchagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Kwa klabu za Mlima Kenya, hatua ya mwanzo haihitaji mamilioni. Inahitaji daftari lenye jina la kila mtoto, tarehe yake halisi ya kuzaliwa na misimu aliyocheza. Inahitaji usajili rasmi tangu miaka 12. Na inahitaji ligi ya kaunti itakayompa aliyemaliza kidato cha nne mechi kila wiki hadi atimize miaka 21, kabla kipaji chake hakijazimikia nyumbani.