Mnyororo wa Nusu Inchi: Baiskeli na Mamlaka ya Kutengeneza

Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Raleigh ilisitisha uundaji wa baiskeli mjini Nottingham, Uingereza, mji ilikozaliwa katika miaka ya 1880. Kwa watu wa Nottingham lilikuwa pigo, kwani vizazi kadhaa vilikuwa vimepata riziki katika kiwanda hicho. Lakini kule Tabora, Busia au Gulu, mwenye Raleigh aliyekuwa akisukuma magunia ya mkaa asubuhi hiyo hakuwa na habari, wala hakuhitaji kuwa nayo. Baiskeli yake haikuwa na uhusiano wowote uliobaki na kiwanda kilichoiunda.

Miaka ishirini baadaye, Julai 2023, mahakama ya Amsterdam ilitangaza kufilisika kwa VanMoof, kampuni ya Uholanzi iliyojulikana kwa baiskeli za umeme. Safari hii habari ziliwafikia wenye baiskeli mara moja, na kwa kishindo. Kufuli ya baiskeli hizo na baadhi ya shughuli zake zilitegemea programu ya simu, na programu ilitegemea funguo za kidijitali zilizotunzwa kwenye seva za kampuni. Seva zikizimwa, je? Kampuni shindani ya Cowboy, ya Ubelgiji, ikatoa haraka programu ya kuwawezesha wateja wa mshindani wake kuzihifadhi funguo zao wenyewe. VanMoof ilipata mnunuzi baadaye mwaka huohuo. Hata hivyo, kwa majuma kadhaa watu waliokwisha kulipa pesa zao zote walikuwa wakijiuliza kama chombo kilichokuwa barazani kwao ni mali yao.

Kati ya vifo hivi viwili vya kampuni kuna historia inayostahili kusomwa na yeyote anayeshughulika na siasa za teknolojia, na historia hiyo imo ndani ya vipuri.

Tuanze na mnyororo. Hans Renold, Mswisi aliyehamia Manchester, alipata hataza ya mnyororo wa roli mwaka 1880. Miaka mitano baadaye, mjini Coventry, John Kemp Starley alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Umbo hilo ndilo tunaloliita baiskeli hadi leo. Umbali kutoka pini moja ya mnyororo hadi nyingine ukaja kutulia kwenye nusu inchi, yaani milimita 12.7, na haujaondoka hapo. Hata baiskeli za mashindano zinazobadili gia kwa umeme zimeurithi. Kipimo hicho hakina mwenyewe. Mnyororo uliotengenezwa Shanghai hukubaliana na meno ya gia iliyotengenezwa Ludhiana bila viwanda hivyo viwili kusalimiana.

Tairi ya upepo nayo ina kisa chake. John Boyd Dunlop aliibuni mjini Belfast mwaka 1888 na kupata hataza, kisha ikabainika kuwa Mskoti Robert William Thomson alikwisha kusajili wazo hilohilo mwaka 1845. Hataza ya Dunlop ikabatilika. Wazo la msingi la kutia upepo ndani ya mpira likawa nje ya uwezo wa mtu mmoja kulifungia.

Kisha kuna kotapini, kipuri ambacho wanahistoria hawakitaji na mafundi hawaachi kukitaja. Ni kabari ndogo ya chuma inayoshika mkono wa pedali kwenye ekseli. Hugongwa kwa nyundo, ikakazwa kwa nati. Ikilegea, pedali hucheza na mguu huhisi mara moja. Ikiharibika, hutupwa, na kipuri ghali kinachoshikwa nayo husalimika. Gololi ndani ya kitovu cha gurudumu hufuata mantiki iyo hiyo: fungua kwa spana, futa, paka grisi, badilisha zilizolika, funga. Hakuna hatua hata moja inayohitaji idhini. Kijana huketi chini ya mwembe kando ya fundi, akatazama, na kwa kutazama tu akajua sababu na matokeo yake, kwa sababu kila kinachotendeka kinaonekana.

Isidhaniwe kwamba uwazi huu ulikuwa ukarimu wa Mwingereza. Raleigh yenyewe ilichonga nyuzi za ekseli ya pedali kwa kipimo chake, nyuzi 26 kwa inchi, ilhali viwanda vingine vya Uingereza vilitumia 24. Kikombe cha gololi cha kampuni nyingine hakikuingia kwenye fremu ya Raleigh. Tamaa ya kumfunga mnunuzi ni kongwe kuliko kompyuta. Kilichoizidi nguvu ni waigaji. Flying Pigeon ilianza kuundwa Tianjin mwaka 1950 kwa umbo la baiskeli ya Kiingereza. Phoenix ikatoka Shanghai. Na Hero ikaanzishwa Ludhiana mwaka 1956 na ndugu wa ukoo wa Munjal, ambao kabla ya hapo walikuwa wafanyabiashara wa vipuri. Nchi hizo mbili, zikiwa zimetoka tu katika ukoloni na vita, zilijifunza uhandisi kwa kunakili kitu kilichoweza kunakilika. Sisi wa Afrika Mashariki tulinufaika kwa bei nafuu za kazi yao, lakini shule yenyewe hatukuisoma kwa kiwango kile. Hilo ni somo la siku nyingine.

Chombo kinachofunguka hubadilika pia mikononi mwa anayekitumia. Huko Vietnam mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu, wapagazi wa Viet Minh walifunga mianzi kwenye usukani na kwenye fremu, wakaacha kupanda baiskeli na kuzisukuma, kila moja ikibeba kilo 200 na zaidi kupitia milima na misitu. Jeshi la Ufaransa, lililotegemea ndege kwa chakula na risasi, lilishindwa. Hakuna mhandisi wa Ulaya aliyeuidhinisha mwanzi ule.

Lakini historia ya baiskeli ina damu pia, na mwanaharakati anayeisifu bila kuitaja hajamaliza kazi yake. Tairi ya Dunlop iliongeza njaa ya mpira duniani katika miaka ileile ambayo Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa ameifanya Kongo kuwa shamba lake binafsi, kuanzia 1885 hadi 1908. Wanakijiji waliopungukiwa na kiasi cha mpira kilichodaiwa waliona wake zao wakishikwa mateka na watu wao wakikatwa mikono. Leo betri za vyombo vya umeme zinaitafuta kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka kusini mwa Kongo hiyohiyo, katika migodi ya Kolwezi na jirani zake. Usahili wa kipuri haukumlinda mchuma mpira, wala ugumu wa betri haumlindi mchimbaji.

Kwa hiyo sisemi kwamba cha kale ni chema. Wala simlaumu mama apandaye mlima wa Lushoto na mzigo akitamani mota ya kumsaidia. Na wingi wa sehemu si kosa. Kitovu cha gia tatu cha Sturmey-Archer, kilichoanza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, kina vigurudumu, vijino na springi ndogo ndani yake kiasi cha kumtisha mwanagenzi. Lakini hufunguliwa kwa zana za kawaida, na mwenye subira hukifahamu. Tofauti ninayoitafuta si baina ya kilicho rahisi na kilicho kigumu. Ni baina ya kinachofunguka na kilichofungwa. Shimano ilipotoa mfumo wake wa Di2 mwaka 2009, waya na mota zikachukua nafasi ya kebo ya chuma. Gia zikawa sahihi zaidi, bila shaka, lakini ugonjwa wake haukuonekana tena kwa macho; uliulizwa kwa programu ya mwenye mfumo.

Katika baiskeli ya starehe, jambo hilo ni usumbufu. Katika kiti cha mtu asiyeweza kutembea ni jambo jingine. Mwaka 2022 jimbo la Colorado, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa viti vya magurudumu vya umeme kutoa vipuri, zana, miongozo na programu kwa wenye viti na mafundi wao. Watu wenye ulemavu walikuwa wamechoka kukaa majuma wakimsubiri fundi wa kampuni. Mwaka uliofuata jimbo hilo likafanya vivyo hivyo kwa matrekta na mashine za kilimo, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria yake ya haki ya kutengeneza. Huku kwetu, ile baiskeli ya miguu mitatu inayoendeshwa kwa mikono na watu wenye ulemavu huundwa kwa mnyororo na spoku zilezile za dukani. Ni nzito na inachosha mabega, na waendeshaji wake wana haki ya kupata kilicho bora. Lakini ikikatika mnyororo saa nne, saa tano iko barabarani.

Serikali zetu zinanunua matrekta, mashine za hospitali na pikipiki za umeme. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnazijua nyaraka za zabuni kuliko mimi: bei, muda wa kufikisha mzigo, dhamana ya miaka kadhaa. Ongezeni vifungu vichache vya kuulizwa kabla ya saini. Michoro na miongozo inakabidhiwa kwa nani? Kipuri hiki kinaingiliana na cha mtengenezaji mwingine? Nani anashika ufunguo wa programu, na kampuni ikifilisika unabaki mikononi mwa nani? Muuzaji atakayekataa kujibu ajibiwe kwa barua, na barua hiyo ibaki kwenye jalada.