Waliopelekwa Kisii, Waliopelekwa Lamu

Mgeni akifika Unguja, haichukui muda kabla hajapandishwa boti kwenda Changuu, kisiwa ambacho wengi wamezoea kukiita Kisiwa cha Gereza. Gereza lipo kweli. Lilijengwa katika miaka ya 1890 kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza serikali ya Sultani, ila hakuna mfungwa aliyewahi kulala humo. Majengo yakageuzwa karantini ya wasafiri waliohofiwa kubeba maradhi, na leo watu huenda kuwatazama kobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli.

Ngome ya Lamu haina haja ya kuazima jina. Ilianza kujengwa mwaka 1813, baada ya Waamu kuwashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa katika vita vya Shela, ikakamilika 1821. Serikali ya kikoloni iliifanya jela mwaka 1910, na jela ikabaki hadi 1984, miaka zaidi ya 20 baada ya uhuru. Kwa miaka 74 watu walifungiwa katikati ya mji, hatua chache kutoka sokoni, huku bahari ikiwa mlinzi wa pili. Na kwetu sisi wa Kisii na Nyamira, Lamu si mahali pa kwenda kupumzika tu. Kuna watu wa kwetu waliopelekwa kisiwani humo kwa nguvu, kama vile kuna watu wa Pwani walioletwa kwetu kwa nguvu. Habari hizi mbili zafaa kusimuliwa pamoja, kwa sababu ziliamuliwa na serikali moja kwa nia moja.

Nia yenyewe ilikuwa rahisi. Kiongozi akifungwa karibu na kwao, watu hawatulii. Jamaa huleta chakula, habari hupenya ukutani, na jina lake huzidi kukua. Kwa hiyo serikali ilijipatia mwaka 1909 sheria ya kuwahamisha wenyeji, iliyomwezesha gavana kumng'oa mtu kwao na kumweka pembe nyingine ya nchi bila kesi ya kawaida mahakamani. Harry Thuku ndiye anayejulikana zaidi kati ya walioonja uhamisho. Mwaka 1922 alitolewa Nairobi akapelekwa Kismayu, na katika miaka minane hivi ya kuhamishwa huku na huku alipitia pia Lamu, Witu na Marsabit. Lakini kabla ya Thuku kulikuwa na Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama kutoka Pwani, na gereza lake la kwanza lilikuwa Kisii.

Mwezi Agosti 1913, Arthur Champion, ofisa wa serikali kwa Wagiriama, aliitisha baraza akitaka vijana waende kufanya kazi na watu walipe kodi. Mekatilili alifika na kuku mwenye vifaranga. Akamwambia Mzungu ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Champion aliponyosha mkono, kuku akamdonoa. Hivyo ndivyo itakavyokuwa ukijaribu kuchukua watoto wetu, mama akasema, na simulizi za Wagiriama zinaongeza kwamba alimzaba kofi hadharani. Mwezi Oktoba alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakasafirishwa hadi Kisii.

Nimezaliwa Nyamira, na mara nyingi najaribu kuiona nchi yetu kwa macho ya mama yule. Mtu aliyezoea minazi na joto la Sabaki anafikishwa kwenye vilima vya zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako ukungu hukaa bondeni asubuhi na mvua huja karibu kila alasiri. Chakula ni ugali wa wimbi. Nje ya kituo cha serikali, kilichokuwa na umri wa miaka sita hivi tu, kila mtu anazungumza Ekegusii. Hana wa kumwambia neno la Kigiriama isipokuwa Wanje. Ukuta aliojengewa ulikuwa umbali wenyewe.

Ukuta huo haukumzuia. Tarehe 14 Januari 1914 wawili hao walitoroka. Kutoka Kisii hadi Giriama ni zaidi ya kilomita 700 kwa njia yoyote unayoweza kuchagua: mashamba ya Gusii na malisho ya Wakipsigis, Bonde la Ufa, nyika ya Wakamba na Wataita, kisha jangwa la Taru na simba wake. Walitembea. Walifika kwao, Mekatilili akaendelea pale pale alipoachia. Mwezi Agosti mwaka huohuo Waingereza waliilipua Kaya Fungo, boma takatifu la Wagiriama, kwa baruti, wakamkamata tena. Safari hii hawakumrudisha Kisii. Walimpeleka Kismayu, na hakurudi nyumbani hadi 1919.

Sasa tugeuke upande wetu. Kituo cha Kisii kilipoanzishwa mwaka 1907, mtawala wake alikuwa Geoffry Northcote, kijana ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Hong Kong. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere wa Kitutu alimchoma mkuki. Nyuma ya mkuki huo alikuwepo mwanamke, Moraa Ngiti, nabii na mganga, jamaa ya Otenyo, aliyekuwa akiwauliza wanaume wa Kitutu wanangoja nini hali ng'ombe wao wanaswagwa. Northcote alipona. Otenyo aliuawa, na askari wa King's African Rifles wakaichoma Gusii nyumba kwa nyumba. Najua msomaji wa huku amesikia kisa hiki tangu utotoni, kwa hiyo sitakirefusha. Kinachosahaulika ni kilichofuata.

Mwaka 1913, mwaka uleule wa kuku na vifaranga, Onyango Dunde wa Alego alitangaza kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, amemmeza na kumtapika akiwa na ujumbe: Wazungu wataondoka, na watu waachane na desturi za kigeni. Ujumbe ulivuka ghuba ukaingia Gusii. Huko ulikuta ardhi iliyolimwa tayari, maana watu walikuwa bado wanamkumbuka nabii Sakawa, ambaye simulizi zasema aliutabiri mji wa Kisii kabla jiwe la kwanza halijawekwa, akaonyesha pale Getembe patakaposimama majengo ya serikali. Kisha Septemba 1914 Wajerumani wakavuka mpaka, wakapigana na Waingereza mjini Kisii, na kwa muda mfupi Waingereza wakauacha mji. Watu waliona kwa macho yao kile Mumbo alichosema. Mji ukaporwa, misheni ya Nyabururu ikaporwa. Waingereza waliporudi walitoza ng'ombe na kuwachukua wanaume kwenda kubeba mizigo ya vita.

Mumbo hakuisha kwa adhabu. Serikali iliona kwamba viboko na vifungo vya hapa nyumbani havitoshi, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 baadhi ya viongozi wa Mumbo kutoka Gusii walihamishwa hadi Lamu. Watu wa vilima waliokuwa wakihubiri habari za nyoka wa maji matamu walipelekwa kuishi katikati ya maji ya chumvi. Mumbo ilipigwa marufuku rasmi mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, miaka 40 baada ya kufika kwetu. Serikali haipigi marufuku kitu kilichokwisha kufa.

Kwa sababu ya viongozi hao waliohamishwa nilikwenda Lamu. Kutoka Kisii ni basi hadi Mombasa, kisha basi jingine kupitia Malindi na Garsen hadi Mokowe, ambako barabara inaishia kwenye gati. Ukishuka unaambiwa uvae jaketi la kuokolea, unakaa kwenye boti pamoja na magunia ya viazi na wanafunzi wanaorudi nyumbani, na punde mji wa mawe unajitokeza upande wa pili: misikiti, nyumba za ghorofa, punda forodhani. Mji huu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Ngome iko nyuma kidogo ya mstari wa kwanza wa nyumba, mbele yake uwanja wa Mkunguni, ambako wazee hukaa kivulini. Ukiingia langoni unapishana na joto. Ndani ni baridi ya mawe. Nilisimama kwenye dirisha moja nikanyosha mkono, na vidole vyangu havikufika nje. Ukuta ni wa matumbawe na chokaa, dari ni la boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, nyeusi kwa umri. Vyumba vimezunguka ua ulio wazi, na juu kuna ujia unaouzunguka ua wote, kwa hiyo askari mmoja akisimama kwenye kona aliweza kuona karibu kila mlango. Leo ngome iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na vijana wa mji huja humo kwa mikutano, maonyesho na sherehe. Kutoka darini nilisikia kila kitu cha mjini: adhana, muuza samaki, punda, watoto wa madrasa. Mfungwa wa hapa hakutengwa na sauti za watu hata siku moja. Sijui kama hilo lilikuwa faraja au lilizidisha uchungu. Kwa mtu asiyeelewa lugha ya sauti zile, naamini lilizidisha.

Na si lazima aliyehamishwa awekwe nyuma ya komeo. Kisiwa kizima kilikuwa gereza lake. Angeweza kutembea hadi Shela na kurudi, akala samaki asiyemzoea, akatazama vyombo vikiondoka na kusi na kurudi na kaskazi, na bado asifike kwao.

Jambo hili hulielewi sawasawa mpaka uingie baharini mwenyewe. Jioni nilipanda dau la nahodha mmoja mzee, miongoni mwa wale wanaowazungusha wageni bandarini kabla ya magharibi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Kisii."

"Mbali huko. Karibu chomboni."

Kijana wake alipandisha foromali, tanga likajaa, na dau likalala upande mmoja. Tukaambiwa tuhame haraka kwenda upande wa juu, na magunia ya mchanga yakasukumwa kutufuata, maana ndiyo mizani ya chombo. Nahodha alishika usukani kwa mguu, mkononi kamba ya demani, akiilegeza na kuivuta bila kuitazama. Tulipita mbele ya mji wote: gati, nyumba zenye vibaraza vya mbele, majahazi yaliyotia nanga. Kisha akageuza kuelekea Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege na magofu ya Takwa, mji ulioachwa karne ya 17.

Nilimweleza habari za Mekatilili kufungwa kwetu. Jina alilijua, la Mumbo hakuwahi kulisikia. Akaniambia kwamba utotoni mwake ngome ilikuwa bado jela, na mtoto aliyesimama sana mbele ya lango alifukuzwa na wazee. Kisha akanyosha kidole kwenye mikoko ya Manda. "Huko pia walifungwa watu," akasema. "Wa Mau Mau."

Ni kweli. Katika miaka ya 1950 serikali iliweka kambi ya kizuizini Manda, kisiwa chenye uhaba wa maji matamu, kwa wale iliowaona kuwa vichwa vya harakati. Mwandishi Gakaara wa Wanjau alizuiliwa huko, akaweka shajara kwa siri. Kitabu chake kuhusu maisha ya kizuizini kilipata tuzo ya Noma mwaka 1984, mwaka uleule ngome ya Lamu ilipoacha kuwa jela. Karibu zaidi na kwetu, wafungwa wa Mau Mau walipelekwa pia Mageta na Saiyusi, visiwa vya Ziwa Viktoria. Ukichora ramani ya magereza ya ukoloni Kenya, utashangaa ni mara ngapi kalamu inaishia majini.

Upepo ulipungua tukiwa kati ya visiwa viwili. Kutoka hapo mji wa Lamu ulionekana wote, na ngome ikiwa nyuma ya paa za makuti na mabati. Kwa mtalii ni mandhari ya kupendeza, nami sikatai kwamba nilipendezwa. Lakini niliwafikiria wale wazee wa Gusii. Mekatilili angalau alikuwa na ardhi chini ya miguu, akaitumia. Wao wangeanza kutembea wapi?

Simlaumu mtu wa Lamu kwa kutowajua. Habari zao zilipaswa kupelekwa na sisi, watoto wa Kitutu na Bogirango, Nyaribari na Bonchari, na hatukuzipeleka. Tunawataja Otenyo na Moraa kwenye sherehe, kisha tunaruka moja kwa moja hadi uhuru, kana kwamba miaka 50 katikati watu walikaa kimya. Mjini Kisii nako, katika matembezi yangu yote sijaona kibao kinachomwambia mpita njia kwamba Mekatilili alifungwa hapa akatoroka. Malindi walibadilisha jina la bustani yao mwaka 2010 ili ibebe la kwake, wakamsimamishia sanamu. Kaunti ya Kisii ina haki ileile ya kumtaja, na deni pia.

Walimu wa historia wa Kisii na Nyamira hupeleka wanafunzi Mombasa kila mwaka kuona Fort Jesus na kuogelea. Napendekeza basi lisiishie hapo. Lisimame Malindi kwenye sanamu. Likate kuingia Bungale, Magarini, alikozikwa Mekatilili, na wanafunzi wawaambie wenyeji wametoka mji gani. Halafu liendelee hadi Mokowe, watoto wavuke kwa boti, waingie ngomeni wakiwa na majina ya viongozi wa Mumbo wa maeneo yao, waliyoyatafuta kwa babu zao kabla ya kuondoka nyumbani.