Herufi Moja Kwenye Giaboksi ya Datsun

Wasee, ukitaja Datsun 240Z hapa Kenya, stori ni moja tu: Safari Rally. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo 1971, Shekhar Mehta na Lofty Drews 1973. Sawa kabisa. Lakini kama unataka gari hilo litembee leo, historia unayohitaji iko ndani ya giaboksi.

Zamani kubadilisha gia ilikuwa kazi. Unakanyaga klachi mara mbili, na ukikosea meno yanalia. Mwaka 1928 Cadillac ikaleta sinkro: koni zinazosuguana kwanza mpaka gia na shafti zizunguke kwa kasi moja, ndipo meno yashikane. Baadaye Porsche ikatengeneza pete yake ya chuma yenye mkato, na kampuni zingine zikaichukua.

Nissan ilitumia zote mbili. Giaboksi ya gia nne ya 240Z za mwanzo ni F4W71A. Ya gia tano ni FS5C71A. Hiyo 71 ni milimita kati ya shafti kuu na ile ya pili. W ni sinkro ya Warner, C ni ya Porsche. Pete za moja haziingii kwa nyingine. Yaani herufi moja inaamua spea utakazotafuta mpaka uchoke.

Kwa hivyo mimi kabla ya kuuliza bei, nauliza kodi. Halafu namwaga oili: unga laini wa shaba ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya meno, achana nayo. Ikiwa ni W, bana pete kwenye koni yake upime mwanya. Ukiisha, pete imekwisha. Beringi na sili badilisha zote, maana giaboksi itakuwa wazi tayari. Weka oili ya GL-4, kwa sababu GL-5 nyingi zina kemikali zinazokula shaba.

Kinachoniuma ni hiki: magari mengi tunayoingiza siku hizi ni otomatiki. Kijana anaweza kumaliza kujifunza ufundi bila kushika pete ya sinkro. Wale wazee wakiondoka na ujuzi wao, 240Z zitabaki za kupigwa picha tu.

Kama mtaani kwenu kuna mzee anayefungua giaboksi, enda ukae naye. Beba simu, rekodi mikono yake. Hiyo pia ni historia yetu.